Mize na Kaa wa Maji Baridi

Mize binti Jecha alizaliwa na kinyaa, na watu wa Kiuyu walijua. Hakikuwa kile kinyaa cha kuziba pua ukipita palipochinjwa ng'ombe, kisha ukenda zako ukasahau. Chake kilikuwa hakimwachi. Gilasi ya maji aliigeuza mara tatu kwenye mwanga kabla ya kuitia mdomoni. Kwenye harusi, watu wakikusanyika kwenye sinia la pilau, yeye alisema amefunga. Akafunga Jumatatu, akafunga Jumanne, akafunga na Jumapili, mpaka wageni wakamwona mchamungu mkubwa. Wenyeji waliangaliana, wakacheka chini kwa chini.

Sasa mtu kama huyo akaolewa na mvuvi.

Mume aliitwa Duni, kijana mwenye kifua kipana na maneno matamu, na mwaka wa kwanza walikwenda vizuri, maana samaki alikuwa akiwatumbua mwenyewe huko huko pwani. Mwaka wa pili akachoka kutumbua. Siku moja akaweka mbele ya Mize kapu la chambo cha siku tatu, matumbo ya samaki yaliyoanza kutoa povu, akamwambia ayakatekate. Mize akashika kisu. Akakata moja. La pili likampasukia kidoleni, na yote aliyokuwa amekula asubuhi yakaishia ndani ya lile kapu.

"Mke gani wa mvuvi anatapikia chambo?" Duni alipiga kelele, na majirani wote wakasikia. Jioni ya siku ile akampa talaka moja. Eda ikaisha, hakumrejea.

Mize akafunga nguo zake, akapanda gari ya abiria mpaka Chake Chake, akashukia kwa shangazi yake, Bi Mwatum, aliyekuwa akikaa Tibirinzi. Huo ulikuwa mwaka hamsini na saba. Bi Mwatum alimpokea vizuri, ila hakuwa mtu wa kulea mwanamke mzima bure.

"Nimekutafutia kazi kwa Bwana Gulam," alimwambia baada ya wiki mbili. "Dukani kwake."

Mize akafurahi. Duka la Gulam alilijua kwa nje, lina khanga na bafta na vitambaa vya suruali, na pembeni yake mkewe, Zohrabai, alikuwa akiuza soda baridi kutoka kwenye friji ya mafuta ya taa. Mahali pasafi. Asubuhi yake akavaa buibui lake lililofuliwa, akaenda. Gulam akamtazama, akasema, "Karibu, Mize. Kazi ni uani," akamfungulia mlango wa nyuma.

Harufu ilimpiga kama kofi.

Ndipo alipojua. Bwana Gulam alikuwa na biashara nyingine ambayo haikuonekana kwa mbele. Alinunua makome ya baharini kwa wavuvi na kwa wanawake wanaochokoa pwani, akayasafirisha Mombasa, na huko yakauzwa kwa wageni wanaopenda kupamba makabati yao. Kome linapotoka baharini lakini, lina mwenyewe ndani. Mwenyewe huyo lazima atoke. Uani kulikuwa na mapipa na ndoo kumi na kitu, zimefunikwa magunia, na ndani yake makome yamelowekwa siku tano, siku saba, siku kumi, nyama ioze mpaka iwe uji. Kazi ya Mize ilikuwa kufunua gunia, kuchota kome, kulitikisa, na kukivuta kwa waya uliopindwa kile kilichobaki ndani.

Siku ya kwanza alitapika mara nne. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu akafunga kitambaa puani, akakitia mafuta ya karafuu, akafanya kazi na machozi yanamtoka. Hakuacha. Angeenda wapi? Arudi Kiuyu akachekwe?

Waliomchukiza kuliko wote hawakuwa wenye makome yao wenyewe, bali wapangaji. Kule kwao waliwaita wanamizi. Mwanamizi ni kaa asiye na nyumba. Mbele ana magando na miguu kama kaa wenziwe, ila nyuma yuko uchi, tumbo laini lililopinda, jekundu kama kidole kilichomenyeka. Basi hutafuta kome la maiti, akajichomeka humo kwa nyuma, akatembea nalo. Mize akivuta waya akitazamia konokono, akatoka mwanamizi aliyeoza, nusu kiunzi nusu usaha, miguu inaning'inia, alihisi ngozi ya kichwa chake inasogea.

Lakini kinyaa kilikuwa na faida ambayo hata yeye hakuiona. Kwa kuwa hakutaka kugusa kitu kabla ya kujua ni nini, alitazama. Alitazama kila kome, kila gando, kila uchafu ulionata. Baada ya mwaka alijua kwa kuangalia tu kome hili limetoka mchangani au mwambani, limetoka palipo na majani ya bahari au kwenye mikoko. Gulam akigombana na wavuvi juu ya kome, alimwita Mize. "Hili la mkokoni," Mize angesema, kwa mbali, mikono nyuma. "Lina tope jeusi kwenye mshono." Na ikawa hivyo.

Mteja mmoja aliyekuwa akija mpaka uani ni Mwalimu Himid, aliyesomesha sayansi skuli moja pale mjini. Alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, shati jeupe lenye kalamu mbili mfukoni. Hakununua makome ya kupamba. Aliokota vilivyomo ndani, akavitia kwenye vichupa vya formalini, dawa ya kuzuia kuoza, akaandika karatasi, akavipeleka kwenye jumba la makumbusho huko ng'ambo, ambako palikuwa na bingwa aliyeandikiana naye. Mize alimheshimu, lakini alimwona ana kasoro fulani ya akili. Mtu mzima, msomi, anabeba mizoga mfukoni.

Basi mwaka hamsini na tisa, mwezi wa pili, Duni akatokea dukani na ndoo.

Mize alikuwa uani. Alisikia sauti kwanza, na moyo ukamruka, si kwa mapenzi. Duni akaingia, akamwona, akajifanya hakumwona. Akamwambia Gulam, "Bwana, leo nimekuletea kitu ambacho hakuna aliyekuletea." Akafunua ndoo.

Hata Gulam, aliyekuwa amezoea, alirudi nyuma. Vilikuwa vitu kama kumi na mbili, kila kimoja ukubwa wa ngumi ya mtoto, na si makome. Vilikuwa nyama. Nyama ya kijivu yenye wekundu kwa mbali, ngumu, inayoteleza, kama sikio la mtu aliyekufa maji. Pembeni vimechomoza vinundu, na kila kinundu kina kijidomo kilichofumba. Na kwenye tundu la kila kimoja yalitokeza magando mekundu ya kaa, yamelegea, yamekufa. Harufu yake haikuwa ile ya uani aliyoizoea Mize. Ilikuwa harufu nyingine, nzito, iliyokaa kwenye ulimi.

"Astaghfirullah," Mize alisema, akashika ukuta.

Mwalimu Himid alipoitwa, alikuja mbio na chaki bado vidoleni. Akapiga magoti mbele ya ndoo kama mtu aliyeonyeshwa dhahabu. "Mwanamizi huyu," alisema. "Lakini hana kome. Nyumba yake ni ya nyama. Bi Mize, tafadhali, pasua moja."

"Miye?"

"Una mkono mwepesi kuliko wangu."

Mize akakishika kile kitu kwa gunia, akageuza uso, akapasua kwa wembe. Kilikatika kwa sauti ya gome la muwa. Ndani, kwenye ncha kabisa, palikuwa na kikome kidogo kama punje ya mtama, na kutoka hapo nyama ile ilikuwa imeota yenyewe, imezunguka, imemfuata kaa kadiri alivyokua. Kaa amekaa ndani ya mnyama mwingine aliye hai, tumbo lake laini limegusana na nyama ya mwenziwe maisha yote. Mize aliweka wembe chini, akaenda nyuma ya choo, akarudi baada ya muda macho yamemwiva.

"Umempata wapi?" Himid alimuuliza Duni.

"Kiuyu, mwambani. Bamvua, maji yakikupwa."

"Maji mafupi?"

"Ya magotini. Wapo tele."

Himid akaandika. Mize alimtazama Duni, Duni akatazama paa. Mize alitembea mwamba ule tangu ana miaka sita. Alichokoa pweza na mama yake, Bi Masika, akiwa amejifunga kitambaa puani, na hakuna jiwe la pale asilolijua. Hakuwahi kuona kitu kile, wala kusikia. Lakini angesema nini? Mwanamke aliyeachwa akimpinga mumewe wa zamani mbele za watu, maneno yake yanaitwa chuki. Akarudi kwenye mapipa yake.

Mwalimu akachukua viwili. Gulam naye akaona biashara. Kitu ambacho msomi anakipigia magoti, wageni watakitaka. Akapeleka habari Kiuyu kwa dereva wa gari kwamba kila atakayeleta mwanamizi wa nyama atalipwa vizuri. Wanawake wa Kiuyu wakaingia mwambani. Bamvua ya kwanza, siku zile maji yanapokupwa mbali, walipindua mawe asubuhi mpaka maji yakawarudisha, hawakupata hata mmoja. Duni aliwaambia watazame mbele zaidi, kwenye ukingo. Bamvua ya pili wakaenda kwenye ukingo, ambako maji hayatulii na chini hakuonekani.

Siku mbili baadaye Bi Masika aliletwa hospitali ya Chake Chake amelazwa juu ya magunia ya mbata. Alikuwa amekanyaga taa aliyejifukia mchangani, na yule samaki akamchoma mwiba juu ya kifundo cha mguu. Mize alifika amekimbia. Mguu wa mama yake ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, na palipochomwa pamekuwa tundu lenye kingo nyeusi, linatoka maji ya manjano. Harufu ikampanda Mize puani, akarudi hatua moja mlangoni. Alijilaumu kwa hilo. Mama yake mwenyewe, na yeye anataka kukimbia!

Bi Masika akamwona. "Nenda nje, mwanangu. Najua ulivyo."

"Siendi." Akachukua beseni na kitambaa kutoka kwa muuguzi, akauosha ule mguu. Aliuosha asubuhi na jioni siku tisa, meno yameumana, jasho linamtiririka. Siku ya nne, katika kuosha, akauliza, "Mama, weye umewahi kumwona mwanamizi wa nyama?"

"Hata mara moja. Nyanya yako hakuwahi kumwona."

"Basi kwa nini ulikwenda?"

"Duni aliapa." Bi Masika akavuta pumzi, kitambaa kimegusa pabaya. "Akaapa kwa Mungu, Mize. Mtu akiapa utamfanyaje?"

Mize akakamua kitambaa ndani ya beseni. Yale maji machafu aliyatazama muda mrefu. Alihisi kinyaa ambacho hakuwahi kukihisi kwa kitu chochote chenye harufu. Kilikuwa kinyaa cha mtu.

Siku ya kumi akarudi kazini, akaenda moja kwa moja kwa Zohrabai, aliyekuwa akifuta chupa za soda. Zohrabai alikuwa mwanamke mnene, mwenye vidole vyenye hina, na ile biashara ya uani aliichukia kuliko deni. Wateja walikunywa soda huku wameshika pua.

"Zohrabai," Mize alisema, "unataka uani pasafishwe?"

"Mize, kila siku naomba. Nguo zangu zinanuka, watoto wananuka, hata chapati inanuka. Gulam hasikii."

"Anasubiri wale wanamizi wa nyama wa Kiuyu. Duni amemwahidi wengine. Miye nasema hawatoki Kiuyu mwambani. Wanatoka chini, penye baridi, mahali pasipofika mtu. Bwana Gulam akijua hawapatikani, atakata tamaa. Lakini sitaki kusema kwa mdomo. Nataka aone."

"Aone vipi?"

Mize akaitazama friji. Zohrabai akafuata macho yake, akaelewa, akaweka chupa chini.

"Hapana."

"Kwa siku moja tu, Zohrabai. Ndani ya mtungi uliofunikwa."

"Mdudu yule? Pamoja na soda zangu? Na maziwa ya mtoto?" Akatetemeka mwili mzima, bangili zikalia. "Ntatapika kila nikifungua!"

"Miye natapika tangu mwaka hamsini na saba," Mize alisema.

 Zohrabai akatazama mlango wa uani, ambako nzi walikuwa wakiingia na kutoka kama wenye nyumba. "Siku moja," alisema. "Na friji utaiosha weye, kwa sabuni na ndimu, mara tatu."

"Mara saba."

Duni alikuja wiki ile ile, Jumamosi asubuhi, maana Gulam alimpelekea maneno makali. Safari hii aliharakisha, na ndani ya ndoo, chini ya gunia bichi, walikuwemo wanane na wote walikuwa hai, ingawa kwa shida. Magando yalifunguka na kufumba pole pole. Mwalimu Himid alikuwepo kwa kuwa skuli ilifungwa, na Mize ndiye aliyekuwa amempelekea habari aje.

"Mwalimu," alisema Mize, ambaye hakuwahi kusema mbele ya wanaume watatu, "naomba niwagawe."

Akawagawa kwa koleo la mkaa. Watatu akawaacha ndani ya ndoo, kwenye kivuli cha ukuta, kwa maji yale yale waliyokuja nayo. Wawili akawatia kwenye mtungi wa udongo, ule unaopozesha maji ya kunywa, uliojazwa maji ya bahari. Watatu waliobaki akawatia kwenye mtungi mdogo wa maji ya bahari aliokuwa ameulaza ndani ya friji tangu jana yake. Zohrabai alifungua mlango wa friji kwa ncha ya kidole, amefumba macho, anasoma aya kimoyomoyo.

"Sasa tungoje," Mize alisema. "Duni, keti. Utakunywa soda?"

"Nina safari."

"Keti," Gulam alisema, kwa kuwa alikuwa hajamlipa.

Walingoja. Kabla ya adhana ya adhuhuri wale wa kwenye ndoo walikuwa wamekufa, wametoka nusu nje ya nyumba zao za nyama, matumbo yao ya rangi ya usaha yanaonekana. Kitu cha kuchukiza mno. Hata Himid aligeuza uso. Wa kwenye mtungi wa udongo walikuwa bado wanatikisika, ila ukiwagusa kwa kijiti hawakukishika. Baada ya swala Mize akaomba mtungi wa ndani ya friji. Akaumimina kwenye karai jeupe.

Watatu wote walisimama kwa miguu yao. Mmoja akatembea, anaburuza ile nyama mgongoni, macho yake yamesimama kwenye vijiti vyake. Alipofika ukingoni mwa karai akapandisha gando, akalipiga bati, ta, ta. Zohrabai alipiga kelele akakimbilia dukani.

Himid alitia kidole kwenye karai, akakitoa upesi. "Baridi kweli kweli."

"Mwalimu," Mize alisema, "mwamba wa Kiuyu maji yakikupwa, vidimbwi vyake vinakuwa vya moto, mtoto analia ukimtia miguu. Na huyu amekufa ndani ya ndoo, kivulini, asubuhi. Aliishije huko?"

Himid akatoa kalamu mfukoni.

"Na tazama tope lake." Akamvuta mmoja wa waliokufa, akaichukua nyumba yake tupu kwa koleo, akaisogeza, mkono wake mwingine umeziba pua. "Mwambani kwetu mchanga ni mweupe, wa kukwaruza. Hili ni tope la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Hakuna jani, hakuna ukijani hata chembe. Chochote kinachokaa juani kinaota ukijani mgongoni. Huyu hajaliona jua."

Gulam akamgeukia Duni. "Umempata wapi?"

"Nimesema. Mwambani."

"Duni," Mize alisema. Safari hii alimgeukia uso kwa uso. "Mamaangu ana tundu mguuni, linaingia kidole changu mpaka hapa. Nimeliosha siku tisa. Uliapa, akenda. Kama unataka kuapa tena, njoo uapie hospitali, mbele ya ule mguu, uunuse."

Duni alikuwa na maneno matamu, na siku ile hayakuja. Akachezea mshikio wa ndoo. Halafu akasema, na alisema chini kwa chini, kwamba lile jarife, wavu wao wa papa, halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la shirika la watu watano. Wazee walikuwa wamekataza kulitega kwenye ukingo wakati mkondo una nguvu, naye akalitega. Mkondo ukalivuta, likateremka ukingoni likaingia kizani, kamba imebaki mkononi. Akaunga kamba zote alizokuwa nazo. Walipolivuta, yeye na nduguye, kutwa nzima, lilipanda limechanika, na wale wadudu wamenasa humo. Wenziwe akawaambia papa ndiye aliyelichana. Kama angesema wanamizi wametoka kilindini, wangejua jarife lilifika wapi. Na kwa hawa wa leo alilishusha tena makusudi, pale pale.

"Kamba ilikuwa pima ngapi?" Himid aliuliza, kalamu tayari.

"Mia na kumi."

"Na ilipokuwa inapanda, ya mwisho mwisho, ikoje mkononi?"

Duni akafikiri. Huo ulikuwa ukweli, na uliingia usoni kwake kama kitu asichokizoea. "Ilikuwa baridi. Kama maji ya kisima kirefu. Vidole vilikufa ganzi."

Himid akafuta alichokuwa ameandika mwanzo.  Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ile ya Duni ilikuwa imepitia kwenye mguu wa mama yake kabla ya kuisha.

Gulam hakununua. Alisema mtu hawezi kuweka biashara kwenye kitu kilicho pima mia na kumi chini, kinachotaka friji ya mkewe. Akapeleka habari Kiuyu kwamba wanawake wasitafute tena. Miezi michache baadaye, Zohrabai akimpigia kelele asubuhi na jioni, akaacha na makome yote, akabaki na vitambaa. Mapipa yalipoondolewa, Mize alimwagia uani chokaa, akasugua kwa ufagio wa chelewa siku nne. Friji aliiosha mara saba, kama alivyoahidi, na bado Zohrabai alinusa kila chupa kabla ya kuiuza.

Wale watatu wa friji walifia kwenye formalini. Barua kutoka ng'ambo ilichukua muda, ilifika wakati wa mavuno ya karafuu. Himid aliileta mpaka Tibirinzi, akaisoma barazani, akiitafsiri. Bingwa aliandika kwamba mwanamizi huyo ni wa jamaa ya wale wanaoishi kwenye maji baridi ya kilindini, juu ya tope, na kwamba kama vichupa vingefika na maneno "mwambani, maji ya magotini," angevitupa akidhani vimechanganywa. Mnyama asiyejulikana anakotoka, alisema, ni nusu ya mnyama.

"Nataka niwaandikie jina lako," Himid alisema. "Liwekwe kwenye karatasi ya chupa. Ni haki yako."

Mize alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Jina langu, Mwalimu? Lililosomewa dua na babaangu? Likae kwenye chupa na mzoga ule, milele?"

"Watu wengine wangefurahi."

"Basi andika la watu wengine."

Himid alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaona Mize hacheki, akaomba radhi. Aliandika mahali na kina na tope na baridi, na kwenye nafasi ya aliyemtambua aliandika, "Mkaazi wa Tibirinzi."

Bi Masika alipona, ila mguu ule ulibaki mgumu kifundoni, na mwambani hakuingia tena. Alihamia kwa Bi Mwatum, mawifi wawili wakazeeka pamoja wakigombana juu ya chumvi. Shirika la jarife lilimhukumu Duni aufume upya wavu wote kwa mkono wake, na watu waliopita pwani ya Kiuyu mwaka ule walimwona hapo, kila siku, ameinama.

Mize akaajiriwa na Zohrabai mbele ya duka. Walianza kwa soda, wakaongeza juisi ya ukwaju na kachori. Alikuwa akiosha kila gilasi kwa maji ya moto mara tatu, akiinua kwenye mwanga, akirudisha iliyo na hata alama ya kidole. Wauguzi wa hospitali wakazoea kununua hapo na si kwingine. Mwenye haraka alilalamika. Mize akaendelea kuifuta gilasi yake.

Mwaka sitini na moja, Duni alikuja. Amevaa kanzu, ametia mafuta ya nywele. Akaagiza ukwaju, akanywa polepole, kisha akasema alikuwa akifikiri kumrejesha, kwa posa mpya, kama Bi Masika atakubali. Alisema amebadilika. Alisema sasa anatumbua samaki mwenyewe.

Mize aliitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa misafi, kucha zimekatwa. Akaona kwamba kweli alijitahidi, na kwa muda kidogo akamwonea huruma. Lakini palepale ukamjia ule mguu, na lile tundu, na kiapo, na kile kinyaa cha hospitali kikamrudia.

"Siwezi, Duni," alimwambia, bila hasira. "Harufu inatoka kwa sabuni. Hii haitoki."

Duni akamaliza ukwaju wake. Akaaga kwa adabu, akashuka kwenye kituo cha magari ya Kiuyu. Mize akaichukua ile gilasi kwa ncha za vidole viwili, akaipeleka nyuma, na Zohrabai, aliyesikia yote nyuma ya pazia, tayari alikuwa ameshachemsha maji.